Karakana ya Wasomaji: Theluji ya Oslo, dimbwi la Chake Chake na boljointi iliyochoka

Barua za mara hii zinakutana sehemu moja, chini ya madigadi ya mbele. Ya kwanza imetoka mbali, lakini wenye gari kuukuu Unguja na Pemba wasiiruke.

Assalamu alaykum mafundi. Mimi mzaliwa wa Wete, sasa nipo Oslo. Nina Corolla ya 1999. Juzi theluji ilianguka usiku kucha. Asubuhi nikakata kona mwendo wa mtu anayekimbia tu, gari ikateleza ubavu, ikagonga ukingo wa njia uliofunikwa. Gurudumu la mbele kushoto likajikunja kwa nyuma mpaka likagusa madigadi. Pemba nikiendesha gari kama hii hii, njia za Konde, mashimo kila hatua, na haikuvunjika kitu. Ni baridi? Na inafaa kutengenezwa?

Waalaykumu salaam ndugu yetu. Baridi imo, lakini si mshitakiwa wa kwanza.

Shimo la Konde hupiga gurudumu kutoka chini, na huko ndiko springi na shokapu zinakokungojea. Zina nafasi ya kunywea pigo. Ukingo wa zege hupiga kutoka ubavuni, na ubavuni hakuna springi. Pigo linatoka kwenye rimu, linaingia kwenye habu, kitovu cha gurudumu, kisha kwenye nako, yaani kile chuma kinachobeba habu, halafu linamwagika zaidi kwenye vitu viwili: mkono wa chini, unaolishika gurudumu na fremu kwa chini, na tairodi, fimbo inayolipindisha gurudumu ukigeuza usukani. Gari ya tani moja na kitu ikisimamishwa ndani ya sentimita chache, hata kwa mwendo wa mkimbiaji, vyuma hivyo viwili vinabeba mzigo ambao havikutengenezewa.

La pili ni chumvi. Huko hutiwa barabarani kuyeyusha barafu, na maji yake yanarukia chini ya gari miezi kadhaa kila mwaka. Mkono wa chini wa gari nyingi ni bati nene lililokunjwa, lina uwazi ndani, na kutu yake huanzia ndani. Nje unaona rangi nyeusi nzuri, ndani chuma kimebaki nusu. Baridi ndiyo inayofuata: mpira wa bushi, ule ulio pale mkono wa chini unapofungwa kwenye fremu, unakuwa mgumu, chuma kinapungua ustahimilivu wa pigo la ghafla, na springi yenye kutu hukatika, mara nyingi mzunguko wa chini kabisa unapokaa kwenye kikombe chake, pale maji yanapotuama. Ongeza kwamba theluji inayosukumwa pembeni na magari ya kusafisha njia hulala usiku ikaamka barafu. Ukiiona unadhani pamba, kumbe jiwe.

Sasa soma jinsi lilivyojikunja. Gurudumu likirudi nyuma zima zima, tizama mkono wa chini, bushi zake na pale unapofungwa kwenye fremu ndogo inayobeba injini. Likisimama sawa lakini likaangalia upande wake huku jingine likiangalia mbele, tairodi imepinda. Likilala juu kwa ndani au kwa nje, shaka iende kwenye nguzo ya shokapu au nako. Kama chini yake limechomoka nje kabisa na tairi imelala ubavu, boljointi, yaani kiungo cha tufe kinachounganisha mkono wa chini na nako, imeachana na kikombe chake.

Kabla hujanunua kitu, chukua futi ya utepe. Usukani ukiwa umenyooka, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kushoto na kulia. Tafauti ikifika sentimita moja na zaidi, kitu kimehama. Kisha chokoa kwa bisibisi kubwa pale mkono wa chini unapofungwa. Bisibisi ikizama, au tundu la bolti limekuwa yai badala ya duara, usitie pesa kwenye mkono mpya. Utaufunga kwenye biskuti. Ikiwa fremu ni nzima, kazi inafaa: mkono wa chini pamoja na boljointi yake, tairodi ya upande huo, kisha ukaguzi wa shafti ya gurudumu, kwani gurudumu likivutwa huweza kuchomoa jointi ya ndani na kumwaga oili ya giaboksi. Angalia bomba la mpira la breki kama limevutika, na waya wa ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge ukikanyaga breki, kama gari inao. Beringi iliyopigwa hivyo huwa haisemi siku ile. Huanza kunguruma baadaye, ukiwa ushasahau. Na usiikokote gari kwa kamba. Ibebwe juu ya lori.

Jambo jingine, kwa kuwa umo katika theluji: asubuhi usukani ukitetemeka vibaya unapoanza kwenda kasi, na jana haukuwa hivyo, simama utizame ndani ya rimu. Theluji hujaa upande wa ndani, ikaganda, na gurudumu likawa halina mizani. Kwangua kwa kijiti. Watu wameuziwa tairodi mpya kwa barafu ya ukubwa wa ngumi.

Mimi wa Makunduchi. Gari yangu inagonga "ngo ngo" mbele kila nikipanda tuta. Fundi mmoja kasema shokapu, wa pili boljointi, wa tatu stabilaiza linki. Kila mmoja anataka pesa yake. Nitajuaje mwenyewe?

Anza na cha bei ndogo. Stabilaiza linki, kile kifimbo kinachounganisha upande wa gurudumu na nondo ya kuzuia gari kulala konani, hugongagonga njia ya changarawe, ambapo gurudumu moja linapanda na jingine linashuka. Gari ikiwa imesimama chini, ishike linki kwa mkono uitikise kwa nguvu, ikicheza, imekwisha. Ukipanda tuta kwa magurudumu yote mawili sawasawa na kelele ikapungua sana, shaka hiyo inaongezeka.

Shokapu iliyokufa aghlabu hairuhusu ubishi: imelowa oili, na ukiisukuma pembe ya gari chini ukaiachia, inaruka mara mbili tatu kabla ya kutulia. Ile nzima hupanda mara moja ikatulia.

Boljointi ndiyo ya kuogopwa, kwa hiyo ipime vizuri. Gari nyingi ndogo za Japani zilizoko Unguja zina nguzo ya shokapu inayobeba uzito kwa juu, na boljointi moja chini. Kwa hizo, piga jeki kwenye bodi mpaka gurudumu lining'inie, weka stendi, usijilaze chini ya jeki peke yake. Kwenye mchanga tia ubao mnene chini ya jeki, upana kama sentimita 30 kila upande, la sivyo itazama polepole huku wewe umo chini. Mtu mmoja aingize mtaimbo chini ya tairi ainyanyue kwa vipigo vifupi; wewe weka kidole baina ya nako na mkono wa chini. Kidole kikisikia "tk", hata kama jicho halioni kitu, boljointi imelegea. Gari yenye springi iliyokalia mkono wa chini haipimwi hivyo: jeki iende chini ya mkono wenyewe, karibu na boljointi, ndipo mzigo uondoke na ulegevu uonekane. Wengi hukosea hapa, wakaambiwa boljointi nzima na kesho yake gari imelala njiani.

Kisha shika tairi juu na chini, uitikise. Ikicheza, mwambie mwenzio akanyage breki uitikise tena. Mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki ni boljointi. Shika kushoto na kulia: mchezo hapo ni wa tairodi, ya nje au ya ndani.

Mpira wa kufunika boljointi ukipasuka, hesabu hiyo boljointi imekwisha hata kama haijagonga. Grisi inatoka, maji na mchanga wa matumbawe unaingia, na mchanga ule hufanya kazi ya msasa.

Chake Chake. Nimeingia dimbwi la masika, mkono wa chini umepinda. Fundi anataka kuutia moto aunyooshe, na boljointi aipige welding isitoke tena. Rahisi kuliko kununua. Mnasemaje?

Hapana kwa yote mawili, na hili hatulipunguzi. Bati lililopinda limeshavutwa. Ukilitia moto likawa jekundu unalilainisha, ukilinyoosha unalivuta mara ya pili mahali pale pale. Litaonekana sawa na litakunjika kwa pigo dogo zaidi. Boljointi ndani ina kikombe cha plastiki na grisi. Joto la welding linaviyeyusha, kwa hiyo hiyo "isiyotoka" inaanza safari ikiwa imeshakufa. Mkono uliotumika lakini ulionyooka, uliotolewa kwenye gari ya aina hiyo hiyo, ni bora mara kumi. Uweke juu ya sakafu ya saruji ulinganishe na mwenzake wa upande wa pili kabla ya kulipa.

Ikiwa mkono ni mzima na kilichokwisha ni boljointi tu, kwenye Corolla za miaka ya tisini inafungwa kwa bolti na nati mkononi, hubadilishwa peke yake. Legeza nati za gurudumu nusu mzunguko gari ikiwa bado chini, kaza breki ya mkono, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe. Ukishatoa gurudumu, chomoa spliti pini, kile kipini cha miguu miwili kinachoizuia nati isilegee, legeza nati yenye meno lakini iache ishike nyuzi tatu nne, ili chuma kisikurukie. Usipige msumari wa boljointi. Piga ubavu wa jicho la nako linaloushika, nyundo moja ikiegemea upande mmoja na nyingine ikipiga upande wa pili. Vipigo viwili vitatu vya nguvu, unaachia wenyewe. Uma wa kupenyeza, ule wa kutenganisha boljointi na nako, unapasua mpira, utumie kwa boljointi unayoitupa tu.

Wakati wa kufunga, nati yenye meno ikiwa imeshafika nguvu yake na tundu la pini halijalingana, kaza mbele kidogo. Usirudishe nyuma. Pini iwe mpya, zile za zamani zilizonyooshwa kwa koleo zinakatika. Nati za magurudumu ya Toyota ndogo hukazwa niutoni-mita 103. Asiye na spana ya kupimia afikirie mzigo wa kilo 21 kwenye ncha ya mpini wa nusu mita. Kurukaruka juu ya spana ni kuvuta nyuzi za bolti.

Na moja ambalo mafundi wengi wanaliruka: ukibadilisha mkono mzima, bolti za bushi zishike tu gari ikiwa juu, uzikaze mwisho gari ikiwa imesimama kwa uzito wake. Ukizikaza gurudumu likining'inia, mpira wa bushi unafungwa ukiwa umesokoteka, na gari ikishuka unabaki umevutika siku zote. Miezi michache umechanika, unarudi kumlaumu muuza duka.

Kuhusu dimbwi lenyewe: maji ya masika yanaficha shimo kama theluji inavyoficha ukingo. Usilolijua chini yake lizunguke. Ukishindwa, punguza mwendo mapema kisha achia breki kabla gurudumu halijaingia. Breki huinamisha pua ya gari, springi zinakuwa zimeshatumia nafasi yao, na pigo linakuta chuma kwa chuma.

Jambiani. Pikapu yangu hubeba mwani mbichi kutoka pwani. Mwaka wa tatu tu, vyuma vya chini vimeliwa. Niipake oili chafu?

Unayo chumvi ile ile ya Oslo, ila wewe unaipata mwaka mzima na joto juu yake, na joto huharakisha kutu. Tandika turubai ndani ya bodi lenye kingo zilizonyanyuliwa, maji ya magunia yasichuruzike kwenye viungio. Jioni mwagia maji matamu chini ya gari, siyo ya kisima cha pwani kinachoonja chumvi. Mikono ya chini ina vitundu vya kutolea maji, mchanga huviziba. Vizibue kwa waya kila wiki, kwani mkono uliojaa maji ya bahari ndani unaoza kama ndoo.

Oili chafu usiipake ovyo. Mpira wa bushi na mipira ya kufunika hufura kwa oili, ikalainika na kupasuka, na tone likifika kwenye diski ya breki una shida nyingine. Sugua kutu kwa brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha grisi nzito kwenye nyuzi za bolti zinazoonekana. Mpira uache mkavu.

Mwera. Nimebadilisha tairodi, sasa gari inavuta kushoto na usukani umekaa upande. Nimeibiwa?

Pengine hukuibiwa, ulikatishwa kazi njiani. Tairodi ikitolewa lazima ihesabiwe mizunguko na mpya iingie mizunguko hiyo hiyo, na hata hivyo alaimenti, yaani kupanga mwelekeo wa magurudumu, inahitajika baada yake. Kabla ya kulipa alaimenti pima upepo wa tairi za mbele, zilingane. Kisha endesha kilomita chache bila kukanyaga breki sana, ushuke uguse rimu: iliyo moto kuliko mwenzake ina breki inayong'ang'ania, na alaimenti haitaiponya. Zikiwa sawa, nenda. Mwambie fundi wa mashine auweke usukani katikati kwanza, aufunge, ndipo arekebishe tairodi za pande zote mbili. Akirekebisha upande mmoja, gari itanyooka na usukani utabaki kama ulivyo.