Kifaru kwenye beji ya babu

SWALI: Shikamoo. Katika sanduku la bati la marehemu babu tumekuta kipande cha kitambaa chenye umbo la yai, kidogo kuliko kiganja, chenye kichwa cheusi cha kifaru. Hakina maandishi. Babu alikuwa Keya (askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) na alifika Burma (Myanmar ya leo). Baba mdogo anasema alikuwa dereva wa kifaru, ndiyo maana akapewa beji hiyo. Ni kweli? Na je, naweza kukifua? Kimechakaa na kina madoa. – Msomaji, Songea

JIBU: Marahaba. Baba yako mdogo amechanganywa na neno lenyewe. Kifaru huyo ni mnyama wa porini, si gari la vita. Kichwa chake kilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1943, ikapelekwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) kwa mazoezi, na mwaka 1944 ikaingia Burma chini ya Jeshi la 14 la Uingereza. Ilikuwa divisheni ya askari wa miguu. Waliwasukuma Wajapani kulifuata bonde la Kabaw kuanzia Tamu, mvua za msimu zikiwanyeshea na barabara zikigeuka tope, hadi tarehe 2 Desemba 1944 walipouteka mji wa Kalewa kando ya Mto Chindwin. Kama babu alisimulia zaidi juu ya matope kuliko risasi, alisimulia kweli tupu.

Beji hiyo, hata hivyo, haitaji batalioni yake. Askari wa Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo), wenzao wa Northern Rhodesia (Zambia ya leo), wapiga mizinga, wahandisi, madereva wa malori na watu wa tiba, wote wa divisheni hiyo walikuwa chini ya kifaru yuleyule. Kwa hiyo rudini kwenye sanduku mtafute cheti cha kuachishwa jeshi, au karatasi yoyote yenye namba yake ya jeshi. Mkishaijua batalioni, shajara zake za vita zimo kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, London.

Sasa kigeuze. Mimi beji huisoma nyuma kabla ya mbele. Iliyovaliwa kweli huwa na vitundu vya sindano pembeni, pengine na mabaki ya uzi wa kaki uliokatwa wakati wa kuibandua kwenye mkono wa shati. Mbele jua limepausha rangi, nyuma rangi bado imekolea. Nakala za siku hizi mara nyingi zina mgongo mgumu wa plastiki au gundi, na mishono ya mashine inayolingana mno.

Kipimo kingine: usiku, imulike kwa ile taa ya kukagulia noti bandia. Uzi wa kisasa mara nyingi hung'aa buluu. Pamba ya zamani kwa kawaida haing'ai. Ila ikiwa mtu aliwahi kuifua kwa sabuni ya unga itang'aa pia, maana sabuni hizo zina kemikali za kung'arisha. Basi usihukumu kwa taa peke yake. Kuchoma nyuzi ili kunusa moshi, kama wengine wanavyofanya, usithubutu.

Kukifua? Hapana, nakusihi. Rangi za wakati ule huchuja, na doa unalotaka kulitoa huenda ni jasho la babu au tope la Burma. Usikitie laminesheni, usikibandike kwa gundi wala selotepu. Kitoe kwenye bati, kwa sababu kutu hutoboa kitambaa. Chukua kitambaa cha marekani (pamba isiyotiwa rangi), ifue mara mbili bila sabuni hadi wanga utoke, ianike ikauke kabisa, kisha kifunge humo kikiwa kimelala bapa, bila mikunjo. Vidonge vya nondo (naftalini) visikiguse.

Kabla ya kukifunga, kipige picha mbele na nyuma, rula ikiwa pembeni, kisha unitumie hasa ile ya nyuma. Nikiona mishono nitaweza kukwambia kama kilishonwa kwa mkono au kwa mashine.