Presha inagoma kushuka na mama anameza diklo kila siku, je hizi dawa zinagombana?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 63, presha anayo muda mrefu, anatumia losatani na kile kidonge cha kukojoa (haidroklorothiazaidi) na hakosi, mimi mwenyewe ndio namkumbusha. Tangu magoti yaanze kumsumbua anameza diklofenaki asubuhi na jioni, ananunua tu duka la dawa hapo mtaani. Presha ilishatulia kwenye 135/85, juzi imesoma 158/96, kliniki wanataka kumwongezea dawa ya tatu na majirani wanasema losatani yake ni feki. Nifanyeje? – Binti wa mama, Morogoro

JIBU: Marahaba binti. Kabla hamjaitupa hiyo losatani, hebu niambie, kliniki wanajua kama anameza diklo? Maana mama zetu wakiulizwa wanatumia dawa gani wanataja za presha basi, ya maumivu hawaihesabu, na daktari naye foleni imejaa nje anaandika haraka haraka aite mwingine.

Diklo, ibuprofeni, meloksikamu, piroksikamu, zote ukoo mmoja. Zinazuia mwili usitengeneze vitu vinaitwa prostaglandini, ambavyo kwenye goti vinaleta maumivu na uvimbe, sasa shida ni kwamba hivyo hivyo kwenye figo vina kazi nyingine kabisa, vinaweka wazi kamshipa kanakoingiza damu kwenye chujio na vinasaidia chumvi itoke na mkojo. Kidonge ukishakimeza hakichagui goti tu, kinazuia kote. Chumvi inabaki mwilini, maji yanabaki nayo, presha inapanda, wengine na miguu inavimba. Na losatani na hicho cha kukojoa vyote vinafanya kazi kupitia figo, kwa hiyo huku mnashusha huku mnapandisha. Kwa wastani ile namba ya juu inaongezeka kama pointi 3 hadi 5, ila kuna watu inawapanda zaidi, hasa wazee na wenye figo zilizochoka. Sisemi diklo ndio mchawi pekee, chumvi ya mezani nayo iangalieni, na dawa feki zipo sikatai, ila mimi ningeanza na diklo.

Kinachonitisha kwa mama yako lakini sio hata presha, ni figo. Losatani inalegeza mshipa unaotoa damu kwenye chujio, diklo inabana ule unaoingiza, halafu kidonge cha kukojoa kinapunguza maji, sasa hapo msukumo wa kuchuja unatoka wapi? Siku za kawaida anaweza asione kitu, ila siku akiharisha au akitapika au akashinda juani bila kunywa maji, figo zinaweza kugoma ghafla. Akipata hali hiyo asimeze diklo kabisa, awahi hospitali, na za presha wamwambie wao kama azisimamishe kwa muda, msijiamulie nyumbani.

Kwa hiyo rudini kliniki mkiwa na maboksi yote ya dawa, hata ule unga wa mitishamba wa viungo kama anao (mwingine huwa umechanganywa diklo au deksamethazoni kimya kimya, na hiyo deksa nayo inapandisha presha). Ombeni apimwe kreatinini na potasiamu, vipimo vya damu vya kuangalia figo. Mwambieni daktari mnataka kuacha diklo, kisha presha ipimwe tena baada ya wiki mbili hivi kabla ya kuongeza dawa ya tatu. Za presha aendelee kama kawaida. Kwa maumivu kuna parasetamoli, ila nayo sio maji ya kunywa, gramu 4 kwa siku kila siku imeonekana kupandisha presha kwa wenye presha, na zile za kuyeyusha zenye mapovu zina chumvi nyingi aziepuke. Jeli ya diklo ya kupaka gotini inaingia kidogo sana kwenye damu, ina nafuu kubwa, hata hivyo waulizeni kwanza. Na mazoezi ya kukaza misuli ya mapaja yanasaidia goti kuliko watu wanavyodhani.

SWALI: Daktari, mimi niko kwa amlodipini pekee ya presha na ile aspirini ndogo ya moyo. Jino likiniuma naeza meza ibuprofeni? – Mombasa

JIBU: Amlodipini haisumbuliwi sana na hizi dawa za ukoo wa diklo kwa sababu yenyewe inalegeza mishipa moja kwa moja. Tatizo lako ni aspirini, ibuprofeni ikitangulia inaizuia isishike chembe za kugandisha damu, na vidonda vya tumbo navyo vinakuwa karibu zaidi. Anza na parasetamoli. Ikishindikana na daktari akakuruhusu dozi moja ya ibuprofeni, meza kwanza aspirini yako ile ile ndogo (iwe isiyo na ganda la kuchelewesha kuyeyuka), subiri angalau nusu saa ndipo umeze ibuprofeni, halafu jino lipeleke kwa daktari wa meno.