Video ya wodi imesambaa, wauguzi wamepoteza ari

Umeuliza kwa nini wauguzi wako wamenyong'onyea tangu video ya mgonjwa akilalamika isambae, ilhali mishahara na zamu havijabadilika.

Matusi ya mtandaoni yanauma, lakini kinachowala zaidi ni kushindwa kujitetea. Usiri wa mgonjwa unawafunga mdomo hata pale ukweli ukiwa upande wao, na video ya sekunde 30 haionyeshi muuguzi yule alikuwa na wagonjwa wangapi. Kisha wanaanza kufanya kazi kwa kujihami: wanakwepa kuzungumza na ndugu wa mgonjwa, na hapo ndipo malalamiko mapya huzaliwa.

Ndani ya saa 24 waite wote wa zamu ile, uwaambie nini kinachunguzwa na nani anachunguza. Taarifa kwa umma itoke kwa msemaji mmoja, bila kutaja mgonjwa wala muuguzi. Usimhamishe mhusika wodi asipotaka. Wenzake wataona ameshahukumiwa. Hifadhi picha za skrini za vitisho, zenye tarehe na jina la akaunti, kabla havijafutwa. Na wasijibu mtandaoni hata kwa majina bandia, maana tarehe na ugonjwa tu vyaweza kumtambulisha mgonjwa.

Usijaribu kutibu hili kwa kubandika sifa za "mashujaa wetu". Uingereza wananchi waliwapigia wauguzi makofi ya shukrani mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19. Hata hivyo, Desemba 2022 wauguzi waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Bora uongeze mtu mmoja kwenye zamu ya usiku, kisha ulinganishe maombi ya uhamisho ya miezi 3 kabla na baada ya video.