Maswali ya Wasomaji: Uvae Nini Ndege ya Usiku?

Barua za safari zimekuwa nyingi mwezi huu, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti. Kwa wasiojua, kabla sijafungua chumba cha ushonaji hapa Magomeni nilikuwa mhudumu wa ndege, na zamu zangu nyingi zilikuwa za usiku. Kwa hiyo ninajibu kwa yale niliyoyaona abiria wakiwa wamelala na taa zimepunguzwa, na kwa yale ninayoyajua ya kitambaa na mshono.

Shikamoo shangazi. Januari naenda kusoma Minneapolis, Marekani, napitia Amsterdam. Ndege inaondoka Dar usiku, na sijawahi kupanda ndege. Dada anataka nivae jinzi mpya na buti nifike nimependeza. Mama anasema nivae dera kwa kuwa ni pana. Koti zito sijui nilivae au nilifungashe. Nifuate la nani? — Msomaji, Kimara

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kupata nafasi ya masomo. Mama yako yuko karibu na ukweli kuliko dada yako, ingawa dera nalo lina kasoro yake, nitaifikia.

Nguo ya ndege ya usiku usiichague kwa mwili unaouona kwenye kioo nyumbani. Ichague kwa mwili utakaokuwa nao saa tisa usiku, ukiwa umekaa kitini muda mrefu. Mwili huo ni mwingine kabisa. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani hushindiliwa ili watu wapumue, lakini haifikii uzito wa hewa ya pwani. Inakuwa kama hewa ya mlimani, mita 1,800 hadi 2,400 hivi, yaani juu kidogo ya Mbeya mjini. Hewa ya nje ya mwili ikiwa nyepesi, gesi iliyo tumboni hutanuka, na kiuno kilichokutosha saa mbili usiku kinaanza kukukaba. Miguu inavimba kwa sababu imening'inia bila kutembea. Halafu usiku joto la mwili hushuka lenyewe, na saa za kuelekea alfajiri ndipo linapokuwa chini kabisa. Mwanzoni mwa safari nilikuwa nikiona blanketi zimetupwa sakafuni, bado ziko kwenye mifuko yake. Ikifika saa tisa, saa kumi, taa za kuita zinawaka mstari baada ya mstari: "Dada, baridi, huna blanketi jingine?" Mara nyingi yalikuwa yamekwisha.

Sasa tuje kwenye jinzi. Igeuze ndani nje uangalie pale mshono wa mapaja unapokutana na mshono wa makalioni. Kitambaa kimekunjwa, kikashonwa juu ya kitambaa kingine kilichokunjwa, mpaka sindano ya cherehani ya kawaida inavunjika pale. Hapo ndipo utakapokalia usiku kucha. Ongeza kifungo cha chuma chini ya kitovu na mkanda juu yake. Jinzi ni nguo nzuri, lakini ni ya mtu anayetembea.

Vaa suruali laini ya pamba yenye lastiki pana kiunoni, upana wa vidole vitatu. Lastiki nyembamba inachimba mwili kama uzi, ile pana inagawa mkazo. Kuijaribu ni rahisi: ivae ukiwa umeshiba, kaa kwenye kiti kwa muda, kisha ingiza vidole viwili kati ya lastiki na tumbo. Visipoingia bila kulazimisha, mpe fundi ailegeze. Chini miguuni iwe inaishia kifundoni.

Hapo kwenye kifundo ndipo dera linapoanguka. Dera ni pana, linapitisha hewa, halibani popote, na ninalipenda sana. Ila pindo lake linafagia. Choo cha ndege ni kidogo, unageuka kwa shida, na kufikia alfajiri watu wengi wameshapita, sakafu imelowa, na yale si maji matupu. Nimeona akina mama wakitoka mle pindo limelowa inchi nne na hawana nguo nyingine. Ukitaka kumridhisha mama, mpe fundi alikate liishie juu ya kifundo, ndani uvae taiti ya pamba. Litakufaa.

Juu vaa nguo kwa tabaka: fulana, tisheti ya mikono mirefu, na sweta la kufungua mbele kwa zipu au vifungo. Usichukue la kuvulia kichwani, maana ukiwa umebanwa katikati ya watu wawili hulivui bila kumpiga mtu kiwiko. Na kuna jambo watu wa Dar hawalifikirii. Januari ni joto. Utakumbatiana na ndugu, utavuta mabegi, utasimama foleni, na fulana ya ndani italowa jasho. Ukikaa nayo kwenye kiyoyozi itageuka kuwa kitambaa cha maji baridi mgongoni. Kwa hiyo weka fulana kavu kwenye begi la mkononi. Ukishamaliza ukaguzi na kugonga pasipoti, nenda msalani, jifute, badilisha. Hili peke yake huzuia nusu ya baridi ambayo watu hulaumu ndege.

Koti libebe mkononi, usilifungashe na wala usilivae Dar. Begi kubwa linaweza kuchelewa kuunganishwa Amsterdam, na Minneapolis mwezi wa Januari nyuzi kumi chini ya sifuri ni jambo la kawaida. Glavu na kofia ya sufu zitie kwenye mifuko ya koti lenyewe ili visipotezane. Ndani ya ndege lifunike miguuni, au likunje nyuma ya kiuno. Ukipewa kiti cha dirishani, liweke kati ya bega lako na ukuta, kwa sababu nje kule juu baridi hufika nyuzi 50 chini ya sifuri na ukuta unaupitisha ubaridi huo kidogo kidogo.

Buti ziende kwenye begi kubwa. Miguuni vaa raba za kamba zilizo kubwa kidogo, uzilegeze ndege ikishatulia angani. Lakini wakati wa kuruka na wakati wa kutua ziwe miguuni, zimefungwa. Ninalisisitiza hili kwa moyo wote. Tarehe 2 Januari 2024, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege nyingine ilipokuwa ikitua Haneda, Tokyo, ikashika moto, na watu wote 379 waliokuwamo walitoka hai kwa kushuka kwenye maboya ya kutelezea. Mtu wa kisigino kirefu huambiwa avue viatu kwanza kabla ya kuteleza, na aliye peku anakimbia juu ya lami yenye vyuma na moto. Kwa sababu hiyohiyo napendelea pamba na sufu kuliko nailoni na poliesta. Pamba huungua, lakini haiyeyuki ikagandia kwenye ngozi.

Kichwani, usisukwe mtindo wenye fundo kubwa kisogoni, hutaweza kuegemea kiti. Fundo liwe utosini au nywele ziachwe chini, kisha ufunge kitambaa cha satini, kwani hewa ya ndege ni kavu mno na hukausha nywele na midomo.

Na beba kanga moja, iliyokwisha kufuliwa mara nyingi. Utajifunika uso mwanga unapokukera, utaikunja iwe mto, na asubuhi Amsterdam utaoshea uso na kujifutia. Dada yako mwambie hivi: jinzi na blauzi nzuri ziwe juu kabisa ndani ya begi la mkononi, ubadilishe Amsterdam. Utafika umependeza na hukuumia.

Shangazi, mama yangu ana miaka 68, yuko Moshi, anakuja London kuwaona wajukuu. Ana kisukari na miguu humvimba hata akipanda basi la Dar. Nimeambiwa nimnunulie zile soksi za kubana. Je, zinafaa? Yeye mwenyewe anataka kuvaa gauni la kitenge na kilemba. — Msomaji, London

Kaka, kwanza daktari, halafu duka. Soksi ndefu za kubana zinasaidia watu wengi. Zinaanzia kifundoni kwa kubana zaidi, zikipanda zinalegea, na hivyo zinasukuma damu irudi juu. Lakini mtu mwenye kisukari cha muda mrefu huweza kuwa na mishipa iliyoziba au miguu iliyokufa ganzi. Soksi ikimkaba hahisi, na asubuhi akivua anakuta kidonda. Mtu ampeleke hospitali, apimwe mapigo ya mishipa ya miguuni, daktari aseme ndiyo au hapana na kwa mkazo gani.

Akiruhusiwa, apimwe kifundo na shavu la mguu asubuhi mapema, kabla miguu haijavimba. Ukimpima jioni utanunua kubwa na haitafanya kazi. Azivae mchana wa safari, akiwa ameinua miguu kitandani kwa muda. Ukingo wa juu usikunjwe kamwe, hata kama unamwasha: ukikunjwa unakuwa kamba, na kamba inazuia damu ambayo soksi inataka kuipandisha. Mwombe mtu atakayemsindikiza auangalie ukingo huo kabla hajaingia ukaguzi.

Sikutishi. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake mwaka 2007: kukaa safarini saa 4 au zaidi, iwe ndege, basi, gari au treni, huongeza karibu mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa. Bado ni kama mtu 1 kati ya 6,000. Ila umri na maradhi humwongezea mtu hatari, kwa hiyo mama akatiwe kiti cha pembeni ya njia, anyanyuke kila anapoamka. Akifika, mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwenzake, au akikosa pumzi, usimwambie apumzike. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kitenge avae, tena ninafurahi kusikia. Kisiwe kipya, maana kitenge kipya kina wanga na ni kigumu. Kifuliwe mara kadhaa. Gauni liwe la mkato mpana bila zipu ya mgongoni, kwa sababu zipu hiyo ataiegemea usiku mzima, na mikono isibane, maana hata mikono hujaa. Pete avue akiwa Moshi. Kilemba afunge cha kitambaa laini kinacholala kichwani. Kile kikubwa cha harusi kije kwenye begi, atawavalia wajukuu.

Dada, mimi ni mfanyabiashara, naenda Guangzhou kuchukua mzigo. Huwa navaa suti ili niheshimike, na nikifika naingia sokoni moja kwa moja. Suti inafika imekunjamana. — Msomaji, Kariakoo

Suti itoe mwilini. Vaa Kaunda suti ya kitambaa chepesi kama unataka heshima na mifuko mingi, isiyobana kwapani. Ndani fulana ya pamba, na suruali iwe na nafasi kiunoni. Shati la kuingilia sokoni livingirishe, usilikunje, ulitie ndani ya mfuko wa plastiki kwenye begi la mkononi. Livae baada ya kutua, ukishanawa.

Lakini ninachotaka hasa kukuambia ni kuhusu ule mkanda wa pesa ambao wengi wenu mnafunga tumboni. Nimewaona wafanyabiashara wanalala nao umewabana mpaka wanaamka na alama. Ufunge juu ya fulana, si juu ya ngozi, na ulegeze tundu moja kabla ya chakula. Safari ya Dar mpaka Guangzhou ni ya saa kumi hivi angani, tumbo litajaa. Kikoi kimoja kwenye begi kitakutosha kwa blanketi.

Assalaam alaykum dada. Naishi Maskati, narudi Unguja likizo kwa ndege ya usiku. Navaa buibui na mtandio. Pini hunisumbua ukaguzini na kichwani. Nifanyeje? — Msomaji, Maskati

Waalaykum salaam. Tumia mtandio wa kitambaa kinachovutika, ule wa kuvaa kwa kuupitisha kichwani, usiohitaji pini hata moja. Pini ya kisogoni ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu kila ukilaza kichwa inakuchoma. Ndani vaa sidiria isiyo na waya: haitalia kwenye mashine na haitakuchimba mbavu ukilala umejikunja.

Mabuibui mengi yanayouzwa huko ni ya poliesta nyembamba. Yanateleza vizuri, lakini hayanyonyi jasho na hayazuii baridi. Kwa safari tafuta la pamba au la kitambaa chepesi cha sufu, la vifungo vya mbele, mikono isiyo mipana sana ili isiingie kwenye sahani ya chakula au kwenye beseni la kunawia. Vaa na soksi nyepesi, na nyingine kavu uziweke mkobani. Lile jeusi la nakshi unalotaka kupokelewa nalo livingirishe ndani ya taulo dogo. Nenda msalani ukalivae mara rubani anapotangaza kwamba mnakaribia kuanza kushuka. Ukichelewa taa ya mkanda itawaka, na hapo hakuna mhudumu atakayekuruhusu kusimama.