Supamoto za barabarani zimerudi: kabla hujatoa pesa, soma hati

Tangu maonyesho ya pikipiki ya Milan ya Novemba 2024 usingizi wangu umepungua, na ni furaha tupu inayoupunguza. Miaka nenda rudi sisi wapenzi wa supamoto tulikuwa tukigombania mitumba. Safari hii, kwa mkupuo mmoja, Suzuki wametoa DR-Z4SM na KTM wametoa 390 SMC R, zote zikiwa na haki ya kufungwa namba tangu kiwandani. Naandika nikiwa Stuttgart, nje theluji, pikipiki yangu imefunikwa turubai, na kila jioni nazirudia picha zile kama mtu anayesubiri mgeni kutoka nyumbani.

Kwa asiyeijua, supamoto ni ile pikipiki ndefu ya matopeni, imevuliwa tairi za meno makubwa ikavishwa rimu za inchi 17, tairi za lami na breki ya mbele yenye diski kubwa. Wazo lilizaliwa mwaka 1979 huko Carlsbad, California, pale Gavin Trippe alipoandaa mashindano ya Superbikers kwa ajili ya televisheni ya ABC. Njia ilikuwa sehemu lami, sehemu vumbi, ili ijulikane nani hodari kati ya watu wa lami, wa vumbi na wa motokrosi, yaani mbio za kuruka vilima vya udongo. Akashinda Kent Howerton, mtu wa motokrosi. Baadaye Wafaransa wakaudaka mchezo, wakaufanya wao.

Mapenzi yangu yalianzia kwingine, kwenye barabara ya Mombo kwenda Lushoto, Tanzania. Nilikuwa napakiwa na baba mdogo, aliyekuwa bwana shamba, kwenye Yamaha yake ya kazi. Kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande huu, korongo upande ule, na pikipiki nyembamba inayolala na kuinuka bila kumchosha mtu. Mpaka leo sijaona raha ya pikipiki inayozidi ile: wepesi. Spidi kubwa ni jambo jingine.

Sasa ushauri, na huu nimeulipia kwa pesa yangu. Miaka michache nyuma nilinunua kwa mtu binafsi pikipiki ya mashindano ya msituni iliyogeuzwa supamoto. Ilikuwa na namba, ilikuwa na bima, ilikuwa inaruka kama swala. Sikuisoma hati ya usajili kwa makini. Nguvu iliyoandikwa mle ilikuwa ya farasi 15, na ile niliyokuwa naiendesha ilizidi mara tatu. Hapa Ujerumani huo ni mchezo wa zamani: mashine ya mashindano inasajiliwa ikiwa imebanwa pumzi ili nguvu ipungue, kisha mwenyewe anaifungua. Ukishaifungua, kibali chake cha barabarani kimekufa. Polisi walinisimamisha Jumapili moja kwenye barabara ya B500, Msitu Mweusi, wakasoma hati, wakasikiliza ekzosi, na pikipiki ikaondoka juu ya lori. Nilikuwa na leseni A kamili, ya pikipiki za nguvu yoyote. Ningekuwa na A2, ile yenye kikomo cha nguvu, kosa lingehesabika kuendesha bila leseni. Na kama ningemgonga mtu siku ile, bima ingeweza kunigeukia na kunidai. Hilo ndilo lililoninyima amani, maana kila siku nilikuwa napita mbele ya shule.

Hata bila polisi, pikipiki ile haikuwa ya mtu wa kazi. Mashine za mashindano huduma yake huhesabiwa kwa saa. Yangu ilitaka oili mpya kila saa 15. Nikienda na kurudi kazini natumia dakika 40, kwa hiyo mwezi haukwisha bila kumwaga oili, na fundi alishaanza kuniambia habari za pistoni. Ukilinganisha, KTM 690 SMC R huduma yake ni kila kilomita 10,000. Ndiyo maana nasisitiza: inayotoka kiwandani na kibali cha barabara ni pikipiki tofauti kabisa, hata kama kwa macho zinafanana kama mapacha.

Ndiyo maana pia hizi mbili mpya zimenikosha. DR-Z4SM ina cc 398, kilowati 28 (farasi kama 38), uzito wa kilo 154 ikiwa tayari kwa safari, na ABS ya nyuma, kifaa kinachozuia gurudumu kujifunga ukishika breki, unaweza kuizima. Baba yake, DR-Z400SM ya 2005, alikuwa bado na kabureta. Wapo wanaolalamikia gia kubaki tano. Kwa safari za barabara kuu nakubaliana nao, kwa kona simo. Urefu wa kiti ni milimita 890, kwa hiyo wenye miguu mifupi nendeni dukani mkaikalie kabla ya kuiota. Tangi ni dogo, lita 8.7, izoeeni sheli.

390 SMC R ina nguvu farasi 44, na kiti chake kipo chini kidogo, milimita 860. Inatengenezwa India na Bajaj, wale wale wa Boxer yetu. Lakini KTM yenyewe iliingia mahakamani mwishoni mwa Novemba 2024 kujipanga upya kwa sababu ya madeni, kwa hiyo kabla ya kulipa muulize muuzaji habari za spea na umwambie akujibu kwa maandishi. Ducati Hypermotard 698 Mono, silinda moja yenye pistoni ya milimita 116 kama ya Panigale 1299, pikipiki yao kubwa ya spoti, naitazama kwa mbali. Farasi 77 kwa anayeanza ni wengi.

Vijana wengi wananiandikia kuhusu pikipiki za spoti. Yamaha R9 ni nzuri mno, silinda tatu, cc 890, nami nimefurahi kuiona baada ya Yamaha kuacha kuuza R6 ya barabarani Ulaya. Ila ina kilowati 87.5. Leseni A2 inaishia kilowati 35, na pikipiki inayozidi 70 hairuhusiwi hata kubanwa iingie A2. Usidanganywe na muuzaji. Kwa mwenye A2 anayetaka spoti, Aprilia RS 457 imekatwa kwa kipimo hicho hicho: silinda mbili, kilowati 35 kamili. Na mliofika juzi kutoka Tanzania, kumbukeni leseni ya nyumbani inatumika hapa miezi sita tu tangu mhamie. Baada ya hapo ni mtihani, nadharia na vitendo.

Mwenye duka la mtaani kwetu amesema DR-Z4SM ya majaribio itafika mwezi wa tatu. Jina langu ni la kwanza kwenye daftari lake. Nitaivusha mjini taratibu, kisha nitaipeleka kwenye ule mlima wa nyuma ya Reutlingen wenye kona zinazofanana na za Mombo, na hati ya usajili nitakuwa nimeisoma mstari kwa mstari palepale kaunta.