Nafasi ya nne ya India: majibu kwa wasomaji kuhusu uteuzi wa mpigaji

Maswali tuliyoyachagua safari hii yanahusu timu ya taifa ya kriketi ya India na namna inavyomteua mpigaji wa nafasi ya nne, yaani anayeingia wa nne kupiga, katika mechi za ova 50 (ova moja ni mipira sita), jambo lililozua mabishano makubwa kabla ya Kombe la Dunia la mwaka 2019. Msomaji mmoja ameuliza pia kuhusu nafasi ya tatu katika mechi za siku tano, naye amejibiwa mwishoni.

Swali: Wapigaji wote huingia kwa zamu. Kwa nini nafasi ya nne ionekane nzito kuliko nyingine?

Kwa sababu anayeishika hajui ataingia lini wala atakuta nini. Wapigaji wawili wa mwanzo wanajua kila kitu kabla ya kufika katikati ya uwanja: mpira ni mpya, warushaji wa kasi wamepumzika vya kutosha, na katika ova 10 za kwanza timu pinzani hairuhusiwi kuweka zaidi ya walinzi wawili nje ya duara la ndani. Mpigaji wa nne anaweza kuitwa katika ova ya tatu, wenzake wawili wakiwa wametolewa na mpira ungali unapinda hewani, na hapo kazi yake ni kuzuia, kuacha mipira ya pembeni ipite na kuvumilia. Wiki moja baadaye huyohuyo anaweza kuingia katika ova ya 35, timu ikiwa na mikimbio (yaani alama) 200 kwa wiketi mbili, maana yake wapigaji wawili tu wametolewa, na hapo hana ruhusa ya kutumia hata mipira kumi kuuzoea uwanja.

Kati ya hali hizo mbili kuna ile inayomkuta mara nyingi zaidi, nayo ndiyo inayowatenga wapigaji. Kuanzia ova ya 11 hadi ya 40 walinzi wanne huruhusiwa kusimama mbali, warushaji wa spini (mpira wa polepole unaozunguka na kugeuka ukidunda) huchukua mpira, na mipigo ya kufika mpakani huwa adimu. Mpigaji anayejua kusukuma mpira kwenye mwanya na kuchukua mkimbio mmoja, kisha mwingine, bila kuinua mpira hewani, huiwezesha timu kusonga mbele pasipo hatari. Asiyejua hilo huzuia mipira minne mfululizo, hupaniki kwa sababu ubao wa matokeo umesimama, na mpira wa tano huurusha juu na kudakwa. Mteuzi anayetazama jumla ya mikimbio pekee hawezi kuliona hilo. Inambidi aitazame mipira minne ile.

Swali: Ni nani hasa aliyeachwa mwaka 2019, na kwa hoja gani?

Aliachwa Ambati Rayudu. Mwishoni mwa mwaka 2018 nahodha Virat Kohli alikuwa amemtaja hadharani kuwa ndiye mwenye nafasi hiyo kuelekea Kombe la Dunia. Mwezi Machi 2019, katika mfululizo wa nyumbani dhidi ya Australia, Rayudu alicheza mechi tatu, akapata mikimbio michache, na akawekwa kando. Kikosi kilipotangazwa mwezi Aprili, jina lake halikuwemo, na badala yake alikuwepo Vijay Shankar, mchezaji mwenye mechi chache sana za kimataifa. Mwenyekiti wa wateuzi, MSK Prasad, alieleza kwamba Shankar ana vipimo vitatu: anapiga, anarusha mpira, na ni mlinzi mzuri wa uwanja. Rayudu alijibu mtandaoni kwa kejeli kwamba ameagiza miwani ya vipimo vitatu ili aitazame michuano hiyo. Ieleweke kwamba yeye mwenyewe alikuwa amezuiwa kurusha mpira katika mechi za kimataifa tangu Januari mwaka huo, kutokana na shaka juu ya mtindo wake wa kurusha, hivyo hoja ya wateuzi haikuwa ya kuzua tu.

Hata hivyo, naona hoja hiyo ilijibu swali ambalo halikuulizwa. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa ya mpigaji. Kama timu ilihitaji ova tano za ziada kutoka kwa mrushaji wa sita, hilo lingetafutiwa mtu katika nafasi ya sita au ya saba.

Yaliyofuata katika Kombe hilo nchini Uingereza yanajulikana. KL Rahul alianza katika nafasi ya nne dhidi ya Afrika Kusini. Hardik Pandya alipandishwa hapo dhidi ya Australia na Pakistan. Shankar alipewa mechi za Afghanistan na West Indies kabla ya kuumia kidole cha mguu. Rishabh Pant, ambaye hakuwemo hata katika kikosi cha awali na aliitwa baada ya Shikhar Dhawan kuvunjika kidole gumba, akamalizia. Watu wanne walipita katika nafasi moja ndani ya mashindano yaleyale. Katika nusu fainali dhidi ya New Zealand katika uwanja wa Old Trafford mwezi Julai, India ikifukuzia mikimbio 240, Rohit Sharma, Kohli na Rahul walitoka kila mmoja akiwa na mkimbio mmoja, na ubao ukasoma mikimbio 5 kwa wiketi tatu. Pant, aliyekuwa na umri wa miaka 21, alivumilia mipira 56, akapata 32, kisha akajaribu kumpiga Mitchell Santner mbali na kudakwa. India ilishindwa kwa mikimbio 18.

Swali: Rayudu angekuwepo, India ingeshinda?

Hakuna awezaye kulijibu hilo kwa uhakika. Ninachoweza kusema ni kwamba mwezi Februari mwaka uleule, huko Wellington, India ilikuwa na mikimbio 18 kwa wiketi nne dhidi ya New Zealand hiyohiyo, Matt Henry, yuleyule aliyewatoa Rohit na Rahul katika nusu fainali, akiwa miongoni mwa warushaji, na Rayudu akapiga 90 zilizoiwezesha timu yake kushinda. Mechi moja haitoshi kuwa ushahidi wa uwezo wa mtu, lakini ilifanana mno na ile hali waliyoiogopa.

Swali: Kwa nini Kohli, aliye bora kuliko wote, asishushwe nafasi ya nne ili tatizo liishe?

Kocha Ravi Shastri alilitaja wazo hilo mwanzoni mwa mwaka 2019, na lilijaribiwa mwezi Januari 2020 mjini Mumbai. Kohli aliingia wa nne, akapata 16, na Australia ikashinda kwa wiketi kumi, yaani bila mpigaji wake yeyote kutolewa. Katika mechi iliyofuata alirudi nafasi ya tatu na kupata 78. Kumhamisha mpigaji wako bora ili ufunike udhaifu wa mahali pengine ni kubomoa ukuta mzima ili upate tofali la kuziba ufa.

Swali: Basi wateuzi waangalie takwimu gani?

Wastani wa jumla uwe wa mwisho kutazamwa. Kwanza iangaliwe mikimbio aliyoipata alipoingia mapema na timu ikiwa taabani. Kisha idadi ya mipira anayoiacha bila mkimbio dhidi ya spini. Kisha kasi yake katika mipira 20 ya mwanzo, maana wapo wenye kasi nzuri kwa jumla ambao huanza polepole mno. Baada ya hapo, na hili halimo katika takwimu zozote, apewe muda.

Shreyas Iyer ni mfano mwema. Udhaifu wake dhidi ya mipira mifupi inayoruka kifuani ulisemwa sana, na mwaka 2023 alifanyiwa upasuaji wa mgongo, lakini alipopona alirudishwa palepale pa nne na kuachwa hapo. Katika Kombe la Dunia la mwaka huo alipata mikimbio 530, ikiwemo 105 kwa mipira 70 katika nusu fainali dhidi ya New Zealand. Katika fainali ya Ahmedabad alitoka na 4 tu na India ikafungwa na Australia. Sidhani kama hilo linabatilisha uteuzi wake.

Swali: Katika mechi za siku tano, je, nafasi ya tatu huteuliwa kwa kanuni hizohizo?

Hapana, kwani huko uvumilivu hutangulia kila kitu. Rahul Dravid aliishika nafasi hiyo kwa miaka mingi na kumaliza akiwa na mikimbio 13,288. Cheteshwar Pujara aliyemrithi alikabili mipira 1,258 katika mfululizo wa Australia wa 2018 hadi 2019, ambao India iliushinda huko kwa mara ya kwanza katika historia yake. Kubadilisha ghafla kumewahi kuzaa matunda: mjini Kolkata mwaka 2001, India ikiwa imelazimishwa kupiga tena mara moja kwa kuwa nyuma sana, VVS Laxman alipandishwa kutoka nafasi ya sita hadi ya tatu na Dravid akashushwa ya sita, wakapata 281 na 180. Ila hapo walibadilishana wapigaji wawili halisi, na Laxman alikuwa ametoka kupata 59 katika zamu ya kwanza.

Tangu Pujara aachwe baada ya Juni 2023, mambo yamekuwa mengine. Shubman Gill aliiomba nafasi hiyo, akaishika, kisha akahamia ya nne mwaka 2025 Kohli alipostaafu mechi hizo. Sai Sudharsan na Karun Nair wakapokezana nchini Uingereza, na mwezi Novemba mjini Kolkata akapandishwa Washington Sundar, ambaye ni mrushaji wa spini anayejua kupiga. Sundar hakufanya vibaya siku hiyo, lakini India ilishindwa na Afrika Kusini, na mechi iliyofuata Sudharsan akarudishwa. Mimi ningemwacha Sudharsan hapo kwa mechi kumi mfululizo, hata akianguka katika tatu za kwanza.