Bundi hawakuwa na oda yao kwa Linnaeus

Wapo wanaosema bundi walikuwa na oda yao (oda ni kundi kubwa katika uainishaji wa viumbe) tangu mwanzo, lakini si kweli. Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyeainisha viumbe, katika toleo la 10 la kitabu chake Systema Naturae (1758), aligawa ndege wote katika oda 6 tu: Accipitres, Picae, Anseres, Grallae, Gallinae na Passeres. Bundi, yaani jenasi (kundi dogo ndani ya oda) Strix, wamo ndani ya Accipitres, oda ya mbuai, pamoja na tumbusi na jenasi Falco. Na hiyo Falco yake ilibeba tai na kozi kwa pamoja.

Aliangalia sana mdomo na miguu. Mdomo umepinda kama ndoano na kucha ni kali? Basi ni mbuai, yamekwisha. Ndiyo maana mbuni aliishia Grallae pamoja na korongo, kisa miguu mirefu. Picae ndiyo vurugu kabisa: kasuku, kunguru, hondohondo, vigong'ota, hata wale ndege wadogo wa Amerika wanaoelea hewani mbele ya ua.

Siku hizi bundi wana oda yao, Strigiformes. Kozi nao wametengwa na tai: tai wako Accipitriformes, kozi wamebaki Falconiformes, kwa sababu uchunguzi wa DNA (ule mkubwa wa 2008 hasa) uliwaweka kozi karibu zaidi na kasuku. Ila angalia mwaka wa kitabu unachotumia, maana vingi vya zamani bado vinawaweka tai na kozi wote Falconiformes.